Shajara ya mradi: watu walio nyuma ya mchezo wa dada wa kazi

Januari

Idhini imetoka na nusu ya fedha imeingia, kwa hiyo kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza mchezo kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, wa kuchezwa viwanjani, kwenye kumbi za mikutano na popote watu wanapoweza kukusanyika bila kukata tiketi. Ni mchezo wa kusimamishwa: hadhira inautazama mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya, kisha unarudiwa, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akapanda jukwaani, akashika nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine.

Mimi ni meneja wa uzalishaji. Nimepewa kazi ya kuandika maendeleo ya mradi, na nimeamua kuandika zaidi kuhusu watu kuliko kuhusu mchezo. Fomu ya mfadhili ina mahali pa idadi ya maonyesho, idadi ya waliohudhuria na picha tano. Haina mahali pa kumweka mtu aliyekwenda kumsalimia mama mmoja tena na tena mpaka mama akakubali kusimulia. Kwa ninavyojua kazi hii, mtu huyo ndiye anayebeba mradi, na jukwaani haonekani.

Kwa nini wafanyakazi wa nyumbani? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 75.6 duniani wanafanya kazi hii, zaidi ya robo tatu yao wakiwa wanawake, na takriban wanane katika kila kumi wako nje ya ajira rasmi. Lakini hatukuanzia kwenye takwimu. Kikao cha kuchagua mada kilikuwa kimekwama, ndipo mshonaji wetu wa maleba akasema kwamba nusu yetu tunaweza kuja mazoezini jioni kwa sababu kuna dada amebaki nyumbani na watoto. Hakuna aliyebisha. Mada ikapatikana.

Februari

Mkusanyaji wetu wa visa ni mwalimu mstaafu. Sote tunamwita Mwalimu. Hatembei na kinasa sauti wala dodoso. Hamwulizi mtu kama amenyanyaswa. Anauliza siku inaanzaje, nani anaamka wa kwanza, ufunguo wa mlango unakaa kwa nani. Swali la ufunguo ndilo analolipenda zaidi. Kuna wenye ufunguo wao, kuna wanaofungiwa ndani, na kuna wenye ufunguo mfukoni ambao hata hivyo hawaruhusiwi kutoka. Akishajua mtu yuko kundi gani, mazungumzo yaliyobaki yanajiendesha.

Hawafuati majumbani kamwe. Anawakuta langoni mwa shule saa za kuchukua watoto, au kituo cha basi siku yao ya mapumziko, kama wanayo. Anasalimia, anapita. Siku nyingine anasalimia tena. Kisa huwa hakiji mpaka mtu amemzoea kama mzee asiyetaka kitu.

Masharti ni yake, na aliyakaza mbele ya kikundi kizima. Kisa cha mtu mmoja hakiingii mchezoni kikiwa kizima. Lazima kichanganywe na vingine mpaka asitambulike mtu. Aliyesimulia ana haki ya kusomewa mswada na kuondoa chochote kilicho chake, hadi siku ya onyesho la kwanza. Mwandishi alipinga sana hili la pili. Akasema mswada wa namna hiyo hauwezi kwisha. Mwalimu akamjibu, "Basi usiishe," akafunga daftari lake.

Tayari limetumika. Msimuliaji mmoja alisikia tukio la getini, akaogopa kwamba rangi ya geti ingemtambulisha mwajiri wake, akaomba litoke. Mwandishi alidhani kubadilisha rangi kungetosha. Hakukutosha; mwenye kisa alitaka tukio lote liondoke, likaondoka. Lililoandikwa mahali pake linafanyika ndani, sebuleni, na ndilo bora kuliko yote tuliyo nayo. Mwandishi hajalikiri hilo bado, lakini amekuwa akilisoma kwa sauti kila mgeni anapokuja.

Masharti haya hayakuzuka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi ya namna hii na wenyeji: kuyachunguza matatizo pamoja nao, kuyatungia maonyesho kwa ngoma na sanaa walizokuwa nazo wenyewe, kisha kukaa kujadili cha kufanya. Kwao utafiti ulikuwa tayari ni sanaa. Vikundi vingi vya siku hizi vinautenga: mtaalamu anatafiti, msanii anaigiza, na aliyetoa kisa anakuja kukutana nacho uwanjani kimevaa nguo asizozijua.

Machi

Mazoezi yameanza. Mwongozaji amemleta mshauri, mama ambaye amefanya kazi kwenye nyumba za watu tangu akiwa binti mdogo na anaendelea hadi leo. Waigizaji vijana wanamwita Shangazi, na sisi wengine tumefuata. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, kibeti mapajani, na wiki ya mwanzo hakusema neno ila akiulizwa.

Kisha ikaja sehemu ya kukunja nguo. Mwigizaji wetu wa dada aliingia na kapu la nguo safi, akaketi kwenye kochi, akaanza kukunja huku akisema maneno yake. Shangazi akacheka. "Hapo ushafukuzwa, mwanangu."

Mwongozaji akamwomba aonyeshe. Akavua viatu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, uso ukiuelekea mlango. Mashati ya baba mwenye nyumba aliyatoa kwanza na kuyaweka upande. Mikono ilikunja yenyewe. Macho hayakuwa kwenye nguo hata kidogo. Fundi wetu alikuwa nje, akagusa komeo la mlango. Kabla mlango haujafunguka Shangazi alikuwa wima, shati la mwisho mkononi, kama mtu aliyekuwa amesimama muda wote.

Mwigizaji akajaribu. Akarudia. Kila mara aliinuka akiwa amechelewa kidogo, na sote tuliona kuna kitu hakijakaa lakini hatukujua ni nini. Shangazi akamwambia, "Wewe unainuka ukishasikia. Mimi nilikuwa nainuka kabla ya kusikia."

Mazoezi yote ya jioni ile yaliishia hapo, kwenye kuinuka. Mwongozaji alifuta ukurasa mzima wa mazungumzo ambamo dada alikuwa anamweleza rafiki yake jinsi anavyoogopa.

La pili alilolibadilisha ni kitambulisho. Kwenye mswada, mama mwenye nyumba alikuwa anamnyang'anya dada kitambulisho na kumtisha. Shangazi akatikisa kichwa. Hakuna anayenyang'anya, alisema. Wanakwambia, "Lete nikutunzie kisije kikapotea," nawe unashukuru. Sasa ndivyo mchezo unavyoanza, kwa fadhila. Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2011, una kifungu kinachosema wafanyakazi wa nyumbani wana haki ya kukaa na hati zao za kusafiria na vitambulisho vyao wenyewe. Hakuna anayekaa chini na kuandika kifungu kama hicho kwa jambo lisilotokea.

Halafu malipo. Bajeti ilikuwa na mstari wa "posho ya washiriki wa jamii", kiasi kidogo kuliko anachopata mwigizaji, na Shangazi alikuwa amewekwa humo. Mtunza fedha wetu ni dada mpole mpaka umguse kwenye hesabu. Alikataa kutia saini. Mtu anayebadilisha mswada, alisema, ni mtaalamu, na tuna mstari wa wataalamu, ahamishiwe huko. Ofisi ya mfadhili ikauliza mtaalamu huyo ana cheti gani. Mtunza fedha akaandika barua ya ukurasa mmoja: yalivyokuwa matukio ya mchezo kabla ya Shangazi, yalivyo sasa, na nani mwingine angeweza kuyafanya hayo. Wakakubali. Nakala ya barua nimeiweka kwenye faili la mradi. Vikundi vinatafuta wahasibu waadilifu, sawa, lakini vitafute pia wenye hasira.

Machi, mwishoni

Jukwaa. Fundi amemaliza: vipande vya mbao vyenye bawaba, vinakunjwa na kuingia nyuma ya gari dogo, vinasimama bila msumari hata mmoja. Alianza kwa kulipanga kwa njiti za kiberiti juu ya meza ya chai, na mwandishi, ambaye hawezi kukaa kimya penye historia, akaanza kusimulia habari za kijiji cha Kamĩrĩĩthũ.

Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1977, Limuru, Kenya, wanakijiji wakulima na vibarua walijenga ukumbi wao wa wazi wa kuchukua watu zaidi ya 2,000, wacheze tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kĩmani Gecaũ. Ramani ya jukwaa waliipanga wenyewe kwa njiti za kiberiti ardhini, kisha wakatengeneza mfano mdogo, kisha ukumbi. Mazoezi yalifanyika mbele za watu, na watu wakasahihisha. Novemba mwaka huohuo leseni ya maonyesho ilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa kwa amri ya serikali.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza waliopanga njiti walikuwa akina nani. Mwandishi akasema hakumbuki majina. "Unaona," fundi akasema, akaendelea na kazi.

Aprili

Mwezi huu niuandike kwa ajili ya mwigizaji anayecheza mama mwenye nyumba, kwa sababu ndiye atakayechukiwa.

Katika mchezo wa kusimamishwa, mkandamizaji ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Habadilishwi, watazamaji wanapokezana kuwa dada, yeye anabaki palepale akipokea mbinu mpya kila dakika bila maneno ya kukariri. Akikaza sana, hadhira inakata tamaa na hakuna anayepanda tena. Akilegea, kila mtu anashinda, na watu wanakwenda nyumbani wakiwa wamejifunza uongo. Inabidi aujue moyo wa mhusika wake kiasi cha kujua ni neno gani hasa lingemrudisha nyuma, na asilitoe bure.

Amekuwa akifanya mazoezi na Shangazi peke yao, faraghani, Shangazi akicheza mwajiri na yeye dada. Wiki ya pili ya mazoezi hayo alikwenda nyumbani kwake akamrudishia msichana wake wa kazi kitambulisho kilichokuwa kabatini. Alituambia baadaye sana, akaomba nisiandike jina lake. Siliandiki.

Mwezeshaji, anayesimama kati ya jukwaa na hadhira, ana kazi nyingine: kutofundisha. Ni kijana mcheshi, na ucheshi wenyewe ndio unaomponza, kwa sababu hadhira inamtazama yeye badala ya kujitazama. Mwongozaji amempa mipaka. Haruhusiwi kusema jibu ni lipi. Haruhusiwi kusifia. Anaruhusiwa kuuliza, na swali lake kuu ni lile la Augusto Boal, Mbrazili aliyeanzisha namna hii ya mchezo: je, jambo hili lingewezekana kweli, au ni mazingaombwe? Boal alikuwa amekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akahamia uhamishoni, na mwaka 1973 alikuwa Peru kwenye mradi wa kufundisha watu kusoma. Huko, kwa maelezo yake, mwanamke mmoja katika hadhira aliwapa waigizaji ushauri, wakauigiza, akasema sivyo, wakarudia, sivyo, mwishowe akapanda mwenyewe kuonyesha alichomaanisha. Nampenda mama yule kuliko nadharia yote iliyoandikwa baada yake.

Mei

Onyesho la majaribio limefanyika. Hadhira mchanganyiko: majirani, wafanyakazi, waajiri, vijana waliovutiwa na ngoma ya kuitia watu.

Wa kwanza kupaza "Simama!" alikuwa kijana. Akapanda, akamkemea mama mwenye nyumba, akatupa aproni chini, akaondoka jukwaani kifua mbele. Makofi mengi. Mwezeshaji akauliza swali lake. Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Mazingaombwe! Leo analala wapi?" Makofi yakakatika. Kijana mwenyewe akacheka, akarudi kuketi.

Waliofuata walijaribu hili na lile: kumwita jirani awe shahidi, kuomba mkataba ulioandikwa, kujifanya mgonjwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na jibu kwa kila mmoja, na nilianza kuogopa kwamba amekaza kupita kiasi. Kisha akapanda mwanamke mmoja mfupi, wa makamo, akaomba turudi mwanzo kabisa, kwenye fadhila ya kitambulisho.

"Lete nikutunzie kisije kikapotea."

"Asante mama. Nina pa kukiweka."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mama. Ndiyo maana nimekuonyesha."

Akachukua kapu la nguo na kuendelea na kazi. Mwigizaji wetu alifungua mdomo, akaufunga. Aliniambia baadaye kwamba mhusika wake hakuwa na neno, na kwamba kulazimisha neno kungekuwa kudanganya. Mjadala uliofuata ulidumu kuliko mchezo wenyewe. Wapo waliosema huyo mama angefukuzwa ndani ya mwezi. Wapo waliosema angeheshimiwa. Mwezeshaji, kwa sifa yake, hakusema kitu.

Sasa mtu ambaye hakuna aliyemwona. Tuna kijana tunayemwita wa pembeni. Kazi yake ni kusimama nyuma ya hadhira, mgongo kwa jukwaa karibu muda wote, na kutazama watu: nani amekuja na nani, nani anatoka, nani analia. Katikati ya mchezo aliona binti ameinua mkono, mwanamke aliyeketi naye akamgeukia, mkono ukashuka. Hakumfuata. Tumekubaliana hivyo: hatumfuati mtu mbele ya aliyekuja naye, kwa sababu sisi tutakunja jukwaa na kuondoka, na yeye atarudi nyumba ileile. Alichofanya ni kuhakikisha kadi ndogo za namba ya msaada wa kisheria zinapatikana mahali ambapo mtu anaweza kuchukua peke yake, chooni, ndogo kiasi cha kuingia ndani ya soli ya kiatu. Baada ya onyesho kadi zilikuwa zimepungua. Nani alichukua hatujui, na haitupasi kujua.

Kutokana na taarifa yake tumebadilisha ratiba. Kutakuwa na maonyesho ya wafanyakazi peke yao, siku yao ya mapumziko, kabla ya yale ya hadhira mchanganyiko. Mfadhili atalalamika kwamba watu watapungua, na kweli watapungua.

Picha tano nazo tumezipiga: migongo ya watazamaji, nyuso za waigizaji tu.

Juni

Karani wa mapendekezo amenikabidhi daftari. Yeye huandika kila jaribio linalofanywa na mtazamaji jukwaani, alichosema, alichojibiwa na mama mwenye nyumba, na hadhira iliamua nini. Hana haja na ufasaha. Ana haja na usahihi, na amewahi kumfuata mtu mpaka kituo cha basi kumwuliza kama alisema "siku" au "siku nzima".

Tofauti hiyo ina uzito. Mkataba wa 189 unataka mapumziko ya kila wiki yawe angalau saa 24 mfululizo, wala mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri halazimiki kubaki nyumbani humo wakati wa mapumziko yake. Kwenye daftari, jambo linalojirudia zaidi ni hilo hasa: siku ya mapumziko ipo, lakini mtu anaipumzika jikoni. La pili ni masharti ya kazi kuandikwa. Mshahara umekuja nyuma ya hayo mawili, kitu ambacho mwandishi hakukitarajia na kimemlazimu kupunguza tukio la mshahara.

Daftari litakwenda wapi? Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, kuanzia 1993 hadi 1996, alichukua yaliyotoka kwenye michezo ya namna hii akayafanya miswada ya sheria za jiji, na 13 zikapita. Sisi hatuna diwani. Tuna miadi na ofisi ya kazi, na Mwalimu ameandaa wasimuliaji watakaopenda kuja wenyewe. Onyesho kubwa ni Juni 16, siku ambayo Mkataba ulipitishwa na ambayo wafanyakazi wa nyumbani duniani huiadhimisha.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa karatasi ya majina. Mwandishi alitaka mpangilio wa kawaida: mtunzi, mwongozaji, waigizaji, kisha "wengine". Fundi akakumbushia njiti. Tumeafikiana majina yote yapangwe kwa alfabeti, kila moja na kazi yake mbele yake, herufi saizi moja. Wa pembeni ataandikwa "mtazama hadhira". Shangazi hataki jina lake litokee kwa kuwa bado yuko kazini. Ameomba iandikwe "mshauri" na nafasi ya jina iachwe wazi, na mpiga chapa ameshaonywa asidhani ni kosa akaijaza.

Yaliyobaki: bawaba mbili za jukwaa zinalia na fundi anataka kuzibadilisha, Mwalimu awasomee wasimuliaji mswada mpya kabla ya onyesho, tupate mtu wa kushika nafasi ya wa pembeni siku ambazo ana mtihani, na nusu ya pili ya fedha, ambayo mtunza fedha anaifuatilia kila asubuhi.